Kanga Kwenye Kioo

Mara mbili Bwana Mshangama, mkaguzi wa filamu, alikuwa ameigonga filamu ya Riziki muhuri mwekundu: Watu Wazima Tu. Kisa, mwanamke anayejifungulia kando ya barabara.

"Kata hapo, mama, nikupe wa kijani, watoto nao waone," alimwambia.

Riziki aligoma. Filamu ilimhusu mama yake, mkunga wa mji mzima. Sasa mkunga gani huyo asiyezalisha?

Leo alirudi kifua mbele, akaiwasha mashine.

Barabara ikatokea. Mwanamke akapiga magoti. Ndipo akina mama wanne wakaikunjua kanga, kila mmoja akashika pembe yake, ikaziba kioo chote. Picha hiyo Riziki aliitupa mwanzoni, akiona inamharibia filamu; leo ameirudisha. Sasa nyuma ya kanga zilisikika pumzi, na sauti ya mama yake: "Haya, mwanangu, sukuma!"

"Umekata wapi?" Bwana Mshangama akauliza.

"Sijakata. Nimesitiri."

Riziki akamtupia jicho, akamkuta mkaguzi mzima amegeuza kiti, kaupa ukuta uso, kama wanaume wote wa mji ule wafanyavyo kanga inapoinuliwa.

Kwenye filamu, mtoto akalia. Riziki akahisi kichwa chake kinagusa dari.

Bwana Mshangama hakugeuka. Alipeleka mkono nyuma, akapapasa mezani, na vidole vyake vikaupita muhuri mwekundu.