Bakuli la Idi

Wiki moja baada ya kuhamia chama tawala na kupewa unaibu waziri, Wan Jusoh alimpelekea mama yake bakuli la nyama ya Idi.

"Nani kachinja?" mama aliuliza.

"Wenzangu wa chamani."

"Si ndio wale uliotuhubiria kwamba wakichinja wao ni mzoga?"

"Ah, Mama! Ile ilikuwa siasa tu."

Mama alilinyanyua bakuli. Lilimchoma viganja, wala hakulitua.

"Mama yako mdogo aliolewa na mtu wa chama hicho. Kila Idi aliniletea bakuli kama hili, miaka kumi na mmoja, mpaka akafa. Nami nilikusikiliza wewe. Nikaimwaga nyama yake hapa hapa barazani, yeye anaona."

Akawaita paka.