Nguzo Mbili za Nguchiro

Wanyama walipokuwa bado wakitibiana wenyewe, tabibu wao alikuwa Nguchiro. Kila baada ya mavuno alisimika nguzo mbili, na aliyekwama katikati alihesabiwa mnene, akaamriwa kupanda kilima kila asubuhi. Nguchiro alitaka kujua kama kilima kinaponya.

Mwaka mmoja, asubuhi ya kupimwa, Jumbe Nguruwe alikwama mbele ya wake zake.

"Tabibu, nguzo zako zina kasoro," alisema akihema. "Zisogeze."

"Jumbe, aliyekula si nguzo," Nguchiro alijibu.

Hata hivyo ziling'olewa kwa jembe, zikasimikwa mbalimbali zaidi. Waliokwama wote wakapita bila taabu, na Jumbe akaandaa karamu ya kuuaga ugonjwa wa unene. Nguchiro hakuonja kitu. Alikuwa akijiuliza ni nani aliyekondeshwa na kilima, na ni nani aliyekondeshwa na jembe lililong'oa nguzo.

Sinia la ubwabwa halijaisha, Jumbe akashika kifua, akaanguka, akafa.

"Tabibu, mume wetu kauawa na nini?" wake zake waliuliza.

Nguchiro alizitazama nguzo zake. "Angekufa asubuhi, ningewaambia ni unene. Jioni hii, mama zangu, amekufa mwembamba."