Panya wa Ng'ambo ya Adda

Ersilia alimpokonya mkamwana wake mwiko kabla polenta, ule ugali wao wa mahindi, haijaiva.

"Asiyezaa hakorogi chungu cha nyumba hii. Hata panya wa zizini wanakushinda!"

Delfina alitoka ng'ambo ya mto Adda, ambako watu wa huku hawaoi, na miaka ilikuwa inapita bila mtoto. Fermo, mumewe, ndiye pekee aliyemkinga na ulimi wa mama yake, na sasa alikuwa juu mlimani na ng'ombe.

Mgeni wao, Dakta Ravizza, mtafiti wa panya, aliingia na mitego yake.

"Eti dakta, panya wa ng'ambo nao ni mbegu mbaya?" Ersilia akauliza.

"Kwa sura ni wale wale, mama. Ila kromosomu zao, hizo nyuzi za urithi mwilini, zimeungana kwa namna nyingine. Wakichanganyika na wa huku, uzazi unaingia shida."

Ersilia alipiga meza kwa furaha. "Umesikia, wewe? Sayansi hiyo! Ukoo mzima huu, Fermo ndiye wa kwanza kukosa akili akavuka daraja kutafuta mapenzi."

"Hujanielewa, mama. Panya wa huku na wa ng'ambo wakikutana wanazaa vizuri tu. Mwenye shida ni mtoto wao, yule chotara. Anatoka mzima, ana nguvu zake, lakini kuzaa kwake ni kwa taabu. Na hao ni panya, watu ni mambo mengine."

Polenta ilianza kuungua, wala Ersilia hakuikoroga.

"Basi mama," Delfina alisema kwa matumaini, "Fermo akirudi twende hospitali, tupimwe wote wawili."

"Funga virago vyako. Uondoke leo hii, kabla hajashuka. Nitamwambia umemkimbia."

Delfina alilia, akapiga magoti, akamshika miguu. Wakwe wakali tunao tele bonde hili, lakini huyu alipita kiasi. Alimburura hadi darajani, akasimama kumtazama mpaka alipopotelea kwenye msitu wa michesinati.

Kisha, badala ya kurudi, naye akavuka. Alikata njia ya nyuma bila kumuuliza mtu, hadi kwa mzee Bortolo, kapera aliyekuwa uani akinoa mundu.

"Nimemfukuza yule binti kabla hawajapimwa," alimwambia. "Bortolo, mwanao Fermo hatazaa."