Ukungu wa Bwana Ngiri

Katika mji mmoja wa wanyama, Bi Nguchiro alikuwa na binti asiyelala kwa kikohozi. Alipolalamikia moshi wa matanuri ya matofali, Bwana Ngiri, mwenye matanuri hayo, alicheka.

"Huo ni ukungu tu, mama."

Ukaja ugonjwa, wote wakajifungia ndani na matanuri yakazimwa. Wiki ya pili anga likatakata, mlima ukaonekana, na binti akalala fofofo.

Ugonjwa ulipokwisha, Ngiri alirudi na kiberiti. Akamkuta Bi Nguchiro ameketi kwenye mdomo wa tanuri.

"Ondoka!"

"Siondoki. Kwani ukungu nao ulijifungia ndani, Bwana Ngiri?"

Majirani wakaja mmoja mmoja, wakaketi kando ya Bi Nguchiro.

"Haya," Bi Nguchiro akamwambia Ngiri, "washa tuone."