Picha Mbili za Tumbo la Sefu

Daktari Mlowe aliweka mezani picha mbili za ndani ya tumbo la Sefu, ya leo na ya miezi minane iliyopita. Saratani ilionekana katika zote mbili.

"Aliyempima mwanzo alisema ni vidonda vya kawaida," alisema Zaituni, mke wa Sefu. "Hakuiona?"

"Aliiona, mama, ila hakuitambua. Alikuwa na wiki mbili tu tangu aanze kushika kamera hii."

"Na wewe, mwalimu wake?"

"Nilitia saini bila kutazama."

Zaituni alimsukumia kalamu. "Yaandike hayo. Hapa, nyuma ya picha."

Daktari alikuwa akiandika Sefu alipoingia, bado amelewa dawa ya usingizi, akauliza kama sasa ataruhusiwa kula pilipili.