Dume wa Miaka Kumi na Tisa

Profesa alipanda jukwaani akiwa hajasoma hata mstari mmoja wa hotuba yake mwenyewe. Hakuona haja. Miaka yote karatasi zilimfikia zikiwa tayari, zimechapwa na kubanwa pini, kama chai ya asubuhi.

Mwandishi alikuwa mkewe. Ndiye aliyewatangulia majogoo kuamka, akashinda porini ndani ya gari bovu, akihesabu vidoa vya kwenye masharubu ya simba ili ajue yupi ni yupi, na kuyaandika yote kwenye madaftari yake. Profesa alikwenda porini siku za wapiga picha tu. Kofia yake ya kazi haikuwahi kuona vumbi.

Mara moja mke aliomba jina lake likae kwenye jalada la kitabu, hata kama ni chini ya la mumewe.

"Mama watoto," Profesa alicheka, "mafahali wawili hawakai zizi moja."

"Mimi si fahali."

"Sasa unataka nini zizini?"

Hakuomba tena. Leo kamati ilikuwa inamteua mkurugenzi wa kituo cha utafiti wa simba, na mlangoni mwa ukumbi mke alimkabidhi Profesa ukurasa mmoja.

"Ipitie kwanza, Baba watoto."

"Niipitie ya nini? Simba nawajua hata nikiwa nimelala."

Kulala kweli alikuweza.

Sasa alikohoa, akarudisha nyuma nywele zake ndefu alizozipaka rangi nyeusi. Mbele ya mwenyekiti wa kamati kulikuwa na rundo la madaftari yaliyochakaa. Profesa aliyatazama kama mtu anayetazama takataka za wengine, akaanza kwa ile sauti yake nzito.

"'Dume huyu nimemfuatilia kwa miaka kumi na tisa.'"

Daktari wa wanyama mstaafu, aliyeketi mstari wa mbele, alikunja uso. Porini, dume akifikisha miaka kumi na miwili ana bahati kubwa. Profesa hakulijua hilo. Alidhani mzee ameguswa.

"'Hulala saa ishirini kwa siku. Majike huwinda; yeye hutokea nyama ikishaanguka, akala wa kwanza. Akinguruma, wageni hudhani kundi ni lake. Eneo ni la majike, watoto ni wa majike, na yeye ni mpita njia mwenye manyoya mengi.'"

Ukumbi ulicheka. Profesa akainua macho kutoka kwenye karatasi.

"Mimi na utani wangu!" alisema, akapata makofi, akavimba kichwa. Ukurugenzi aliuona uko mfukoni.

"'Siku hufika akanguruma na asiitikiwe,'" aliendelea. "'Humshangaza yeye peke yake. Majike walikwisha kuamua zamani.'"

Mwenyekiti alifungua daftari la juu, akafuatisha kwa kidole. Mke alikuwa amesimama nyuma kabisa, karibu na mlango, mkoba begani.

Profesa hakuwa na desturi ya kutazama mstari unaofuata kabla ya kuufikia. Wa mwisho aliusoma kwa sauti ileile, kubwa, ya kunguruma:

"'Alama za kumtambua: masharubu amenyoa, suti ya kijivu nimempigia pasi mwenyewe leo asubuhi, na madaftari yaliyo mezani kwa kamati hajawahi kuyafungua hata moja.'"