Grisi ya Kageha

Ardhi ya Majengo ilipotikisika, mafundi wote walichomoka kutoka karakana mpya ya ghorofa. Kageha, aliyeichomelea vyuma, alibaki ndani, kiganja chake kwenye mdomo wa bomba la mshazari lililounganisha nguzo mbili.

Ndani ya bomba alikuwa ametia chuma bapa na kukizungushia zege. Kabla ya kumwaga zege alikipaka chuma grisi kisishikwe, kiweze kuvutika na kurudi jengo likitikiswa. Mafundi walimcheka wiki nzima: "Huyu mama anatupikia chapati!"

"Mama, toka! Karakana itakuangukia!" mafundi walipaza sauti kutoka nje.

"Nimeichomelea mwenyewe!"

Chuma kiliteleza ndani na nje ya bomba, unene wa ukucha tu, tena na tena, bila kupinda.

Kukatulia. Vichwa vikachungulia mlangoni.

Kageha akajipangusa grisi kwenye ovaroli. "Ingieni," akasema. "Chapati zimeiva."